Kama steringi hafi, tunaogopea nini?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, nimeandika skripti ya filamu ya kijasusi. Ofisa wa usalama anatumwa kumchunguza mfanyabiashara anayepitisha mzigo wa hatari bandarini. Anajenga urafiki na binti wa yule mfanyabiashara ili apate siri za baba, na mwishoni kuna kukimbizana na mapambano. Wenzangu waliosoma wanasema ina vurugu nyingi lakini haina ukubwa. Nikitazama filamu za kijasusi za zamani naona zina ukubwa, zina mapenzi, na haziondoki kichwani. Siri yake ni nini? Na inawezekana kwa mtu asiye na hela ya helikopta?"

Marahaba, mdogo wangu. Skripti uliyoambatanisha nimeimaliza jana usiku. Nitakujibu kwa urefu, kwanza kwa sababu swali lako nimelibeba mwenyewe tangu nilipoanza kazi ya kuhariri filamu, na pili kwa sababu ndani ya skripti yako kuna kitu kizuri sana ambacho nadhani hujakiona.

Tuanzie kibanda cha video. Wengi wetu tuliokulia uswahilini tulijifunza sinema tukiwa tumebanana kwenye mabenchi, na sheria ya kwanza tuliyofundishwa na wakubwa ni kwamba steringi hafi. Anaruka ghorofani, anazungukwa na bunduki ishirini, mtoto anafumba macho, na kaka yake anamnong'oneza: tulia, huyo ndiye steringi. Sheria hiyo ilitupa raha nyingi, lakini kwa mwandishi wa filamu ya kijasusi ni mtihani mkubwa. Jasusi wako anarushiwa risasi ukurasa wa 22, ukurasa wa 40, na tena ukurasa wa 58, na mtazamaji hashtuki hata mara moja kwa kuwa anajua hafi. Hofu yote uliyoiweka kwenye mwili wa steringi inazama kama maji mchangani.

Waliotengeneza zile filamu unazozipenda walilijua tatizo hilo. Wakaitoa hofu kwenye mwili wa steringi, wakaiweka kwa mtu wa pembeni yake: mtu anayeweza kufa, anayeweza kuondoka, anayeweza kuujua ukweli akamchukia. Ukubwa unaousema, mapenzi unayoyasema, na ile hali ya filamu kukukaa kichwani miaka kumi, mimi naona vyote vinachimbuka hapo.

Nitachukua filamu moja niieleze kwa kirefu. Inaitwa On Her Majesty's Secret Service, ilitoka Desemba 1969, na ni ya sita katika mfululizo wa James Bond. Sean Connery alikuwa amejiondoa, nafasi yake ikachukuliwa na George Lazenby, Mwaustralia aliyekuwa mwanamitindo na ambaye hakuwa na jina katika uigizaji. Mwongozaji alikuwa Peter Hunt, naye alikuwa anaongoza filamu kwa mara ya kwanza. Kazi yake kabla ya hapo ilikuwa uhariri, na mikato ya haraka unayoiona kwenye Bond za mwanzo ilitoka mikononi mwake. Nakutahadharisha kwamba nitaisimulia mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaiona, itafute kwanza, kisha urudi tuendelee.

Inaanza ufukweni Ureno, kabla jua halijakolea. Mwanamke aliyevaa gauni refu anaingia baharini, na namna anavyotembea inakwambia hakwenda kuogelea. Bond anamkimbilia, anamtoa majini. Mwanamke huyo ni Tracy, ameigizwa na Diana Rigg. Bond anapigana na watu wawili pale mchangani, na akigeuka, Tracy keshaingia garini anaondoka. Asante hakuna, jina hakuna. Hata majina ya waigizaji hayajapita kwenye skrini, nasi tumeshaambiwa kwamba mtu huyu anaweza kufa, tena kwa kutaka mwenyewe. Hofu imeshahama.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo filamu hiyo inapokutana na skripti yako. Baba yake Tracy ni mkuu wa genge la wahalifu wa Corsica. Anamwita Bond, anamwambia yuko tayari kumpa pauni milioni moja amwoe binti yake, maana anaona ni mwanamume pekee anayeweza kumtuliza. Bond pesa hazitaki, lakini anataka kujua alipo Blofeld, adui anayemsaka, na yule baba anaweza kujua. Kwa hiyo Bond anakubali kuwa karibu na binti. Ni jasusi anayemtumia msichana kupata siri iliyo mikononi mwa baba. Kisa chako hicho hicho!

Tofauti iko kwenye anachofanya Tracy akishajua. Haangui kilio na kutoweka mpaka mwisho wa picha. Anasimama mbele ya baba yake na kumlazimisha amwambie Bond kile anachokitaka, tena pale pale, ili Bond asiwe na sababu yoyote ya kubaki. Akishapata jibu, Tracy anamwambia yuko huru, anageuka, anaondoka. Bond sasa ana siri aliyoitaka na hana kazi tena na binti huyo. Anamfuata. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi nikiwa na daftari mkononi, na bado sijaona njia safi zaidi ya kuonyesha jasusi anapoanza kupenda. Kazi imeondolewa katikati yao, na yeye bado anakwenda.

Baada ya hapo Hunt anafanya jambo ambalo mhariri mwenye haraka asingethubutu. Anasimamisha hadithi ya ujasusi kabisa, anatupa wapenzi wawili wakiendesha farasi, wakitembea bustanini, wakisimama mbele ya dirisha la duka wakitazama pete. Juu yake anaweka wimbo alioutunga John Barry kwa maneno ya Hal David, ulioimbwa na Louis Armstrong. Armstrong wakati huo afya yake ilikuwa imezorota, na alifariki mwaka 1971. Maneno ya wimbo yanasema tunao muda wote duniani, lakini sauti inayoyasema ni ya mzee aliyechoka, yenye mikwaruzo, na masikio yako yanajua kwamba muda wote huo haupo. Hakuna mtu kwenye filamu anayekwambia lolote la hatari, wewe unaisikia mwenyewe kooni mwa mwimbaji. Wimbo huo ulikuja kupanda hadi nafasi ya 3 kwenye chati za Uingereza mwaka 1994, robo karne baada ya filamu, baada ya kutumika kwenye tangazo la biashara. Watu wengi walioununua labda hawakuwahi kuiona filamu yenyewe.

Mhariri yeyote atakwambia kwamba kasi haina thamani yake yenyewe. Mbio zinahisiwa kuwa mbio kwa sababu kabla yake watu walikuwa wamekaa. Hunt alikuwa bingwa wa mbio, akajua kwamba akitaka mbio za theluji zitutoe jasho, lazima kwanza atukalishe bustanini.

Tuje kwenye milima, kwa kuwa najua hapo ndipo ulipoona "ukubwa" na ndipo unapofikiria helikopta. Ngome ya adui iko kileleni mwa Schilthorn, Uswisi, mita 2,970 juu ya usawa wa bahari. Pale palikuwa panajengwa mgahawa unaozunguka, na watengenezaji wa filamu wakagharamia kuukamilisha ili wautumie. Jina la ngome hiyo katika hadithi, Piz Gloria, mgahawa huo unalo mpaka leo. Pamoja na uzuri wake, usidhani ni mandhari tu. Ule mlima una kazi. Barabara ya kufika juu hakuna, unapanda kwa gari la kebo au kwa helikopta, na Bond anafika pale akiwa amejifanya mtaalamu wa nasaba za koo, bila silaha. Helikopta inampeleka polepole, vilele vinapita dirishani kimoja baada ya kingine, na kadiri tunavyopanda tunaelewa kwamba kila kilele ni mlango unaofungwa nyuma yake. Mahali pakubwa kwenye filamu ni pale panapomfanya mtu aonekane mdogo na asiye na pa kutokea. Elvis Musiba, kwenye riwaya zake, alipompeleka jasusi wake Willy Gamba Kinshasa, wasomaji wake tuliuhisi mji ule ukimzunguka Willy kama ukuta, na hapakuwa na kamera hata moja.

Nisikudanganye lakini: jasho la watu nalo linaonekana. Picha za mbio za theluji zilipigwa na Willy Bogner, Mjerumani aliyekuwa ameshindana kuteleza thelujini kwenye Olimpiki, na mara nyingine aliteleza kinyumenyume huku ameshika kamera. Picha za angani zilipigwa na Johnny Jordan, akining'inia kwa mikanda chini ya helikopta. Huyu alikuwa amepoteza mguu kutokana na ajali akiwa kazini kwenye filamu ya Bond iliyotangulia, na akarudi. Jicho la mtazamaji halijui majina hayo, lakini linajua kwamba mtu halisi alikuwa pale juu. Ndiyo maana nakusihi, ukiwa na kijana mmoja anayeweza kweli kuendesha mashua usiku, mtumie huyo.

Sasa onyesho ninalolipenda kuliko yote. Bond ametoroka mlimani usiku, ameteleza kwa mguu mmoja baada ya kupoteza ubao wa mguu wa pili, ameingia kijijini ambako watu wanasherehekea Krismasi. Muziki, taa, watoto, umati. Wanaomsaka wako ndani ya umati huo huo. Mtu aliyevaa vazi la dubu anamwekea kamera usoni, taa inawaka ghafla, na Bond anashtuka kama mtoto. Mwishowe anakaa pembeni ya uwanja wa barafu, kola ameiinua, kichwa ameinamisha. Amekwisha. Hapo tunaona viatu vya kuteleza vikija kusimama mbele yake. Anainua macho taratibu. Ni Tracy.

Angalia lilivyojengwa. Steringi tunajua hafi, sawa, lakini hakuna aliyetuahidi kwamba haogopi, na mara tunapomwona anaogopa, sheria ya kibanda cha video haitulindi tena. Halafu aliyemwokoa ni yule aliyeokolewa na yeye baharini dakika za mwanzo. Hakuna mlipuko. Kuna benchi, umati, na jozi ya viatu. Kutoka hapo Tracy ndiye anayeendesha gari wakikimbizwa, naye Bond amekaa kiti cha abiria. Usiku huo wanajificha kwenye banda wakati wa dhoruba ya theluji, na Bond anamwomba amwoe. Anasema itabidi atafute kazi nyingine. Pima uzito wa maneno hayo kinywani mwa mtu ambaye tumemjua kwa kazi yake tu.

Mambo yanayofuata unaweza kuyakisia: poromoko la theluji, Tracy anatekwa, mlima unashambuliwa alfajiri, adui anakimbia. Yametengenezwa vizuri, ila sitakaa hapo. Nataka tufike harusini. Wanaoana, wanaondoka kwenye gari lililojaa maua, Bond anasimama kando ya barabara ayatoe maua. Gari jingine linapita, risasi zinalia. Bond anaruka ndani ya gari akitaka kuwafukuza, anageuka, na Tracy ameshakufa. Polisi wa pikipiki anasimama kuuliza kulikoni. Bond amemkumbatia mke wake, anamjibu kwamba anapumzika tu, wataondoka baadaye, hakuna haraka, wanao muda wote duniani. Ni maneno ya ule wimbo. Picha ya mwisho ni tundu la risasi kwenye kioo cha mbele.

Steringi hakufa. Sheria imeheshimiwa.

Utaniambia hiyo ni filamu ya matajiri. Haya, twende mwaka 1946, kwa Alfred Hitchcock na Notorious. Hadithi inatokea Rio de Janeiro, lakini waigizaji wakuu hawakupelekwa Brazili. Kikosi kidogo kilienda kupiga picha za mji, na wao wakaigiza studio huko Marekani. Ingrid Bergman ni binti wa mtu aliyehukumiwa kwa kuifanyia Ujerumani ujasusi. Cary Grant, jasusi wa Marekani, anamwajiri na kumtuma ajisogeze kwa rafiki wa baba yake. Rafiki huyo anamposa, na mpenzi wake jasusi anashindwa kufungua mdomo kumzuia. Anaolewa. Kazi imemla mtu.

Sehemu kubwa kuliko zote ni karamu nyumbani kwa huyo mume. Kamera inaanza juu kabisa ya ukumbi, watu wote wanaonekana wadogo, kisha inashuka, inashuka, mpaka inaishia kwenye kiganja cha Bergman, na ndani ya kiganja kuna ufunguo wa ghala la mvinyo alioiba kwa mumewe. Halafu Hitchcock anakuwekea saa. Si saa ya ukutani, ni chupa za shampeni. Wageni wanakunywa, chupa kwenye barafu zinapungua, zikiisha mume ataenda ghalani kuchukua nyingine, na ufunguo hana. Kila mgeni anayeinua glasi anakutia tumbo joto. Na mwisho wa filamu hiyo ni watu wanne wakishuka ngazi za nyumba polepole, wakijifanya hakuna baya kwa sababu maadui wako chini wanawatazama. Kwenye zile ngazi hailii hata risasi moja. Nimeona vijana wakiitazama leo kwenye simu huku wameacha kutafuna karanga.

Kuhusu mapenzi, kuna somo jingine humo. Wakaguzi wa filamu wa Marekani enzi hizo hawakuruhusu busu lizidi sekunde tatu. Hitchcock akawafanya wapenzi wabusiane kidogo, waachane, wazungumze habari ya kuku wa chakula cha jioni, wabusiane tena, watembee hadi kwenye simu wakiwa wamekumbatiana. Onyesho zima linakwenda zaidi ya dakika mbili na hakuna busu lililovuka sheria. Sisi tuna bodi yetu ya filamu na tuna wazazi wetu watakaoketi sebuleni kutazama, na nakuhakikishia mipaka hiyo haijawahi kuua mapenzi kwenye filamu. Mkono uliotaka kushika ukasita unaonekana mbali kuliko kitanda.

Najua utaniuliza pia kuhusu silaha, suti na adui mwenye paka. Wavike wahusika wako nguo zinazowakaa, mpe adui akili na adabu, inatosha. Muziki usiutandaze kila mahali. Mapigano ya ndani ya treni kwenye From Russia with Love ya 1963 hayana muziki. Unasikia treni, kioo kinachovunjika, na pumzi za watu wawili. Nayo North by Northwest ya 1959 ilimsimamisha Cary Grant peke yake kwenye uwanda mtupu, ndege ya kunyunyizia dawa mashambani ikamfukuza mchana kweupe, na muziki ukasubiri mpaka ndege ilipolipuka.

Sasa skripti yako. Binti wa mfanyabiashara anatokea ukurasa wa 14, anafungua simu ya baba yake, anacheka, anapotea. Tunamwona tena ukurasa wa 60 amefungwa kamba kwenye kiti. Huyo hujampa nafasi ya kuwa mtu, kwa hiyo hatuna cha kupoteza akifungwa kamba. Mfanye aujue ukweli kuhusu ofisa wako mapema, kabla hata hatujafika katikati, na umwachie yeye aamue la kufanya. Huenda akamlinda baba yake. Huenda akamsaliti baba na kumfukuza ofisa siku hiyo hiyo. Vyovyote uamuavyo, iwe ni hatua yake, na iwe na gharama.

Kisha ile sehemu ya bandarini. Wewe umezaliwa Tanga na umeiandika kama mtu asiyejua bahari. Una jahazi limebeba mzigo, una gari mbili zinakimbizana, una risasi za ukurasa wa 58. Futa magari. Acha jahazi lililolala mchangani maji yakiwa yamekupwa, kwa kuwa haliwezi kwenda popote mpaka yajae. Chupa zako za shampeni ni hizo, na umezipata bure. Mweke binti ndani ya jahazi na baba yake, mweke ofisa wako ufukweni miongoni mwa wavuvi na wanawake wanaookota chaza, akiwa hana silaha na akiwa anaogopa. Tuonyeshe maji yakigusa ubavu wa jahazi. Tuonyeshe nahodha akitazama mwezi. Binti anamwona ofisa kwa mbali, na ni yeye pekee kwenye jahazi anayejua yule mvuvi ni nani. Maji yanafika kifundoni. Baba anamuuliza binti anatazama nini kule.

Jibu lake liandike wiki hii, kurasa mbili tatu tu, unitumie hizo kabla ya nyingine.